Mama Mwenyekiti Aliuliza: Mashine Gani?



Tumeombwa na mhariri tuandike juu ya likizo yetu ya kichungaji. Kwa kawaida makala za namna hii huhesabu vigango vilivyotembelewa, wagonjwa waliopelekewa Komunyo na watoto waliofundishwa katekisimu. Hayo yote tuliyafanya, na tunamshukuru Mungu. Lakini liko jambo moja tulilolifanya vibaya, na sisi watatu tumekubaliana kwamba hilo ndilo litakalomfaa zaidi msomaji, hasa msomaji ambaye kesho au keshokutwa ataombwa na watu wa kigango chake: "Frateri, wewe umesoma, tuandikie."

Sisi ni mafrateri wa falsafa, wote watoto wa Jimbo Katoliki la Mbulu. Wawili tumezaliwa upande wa Mbulu, huko milimani ambako asubuhi za Julai mtu hujifunga blanketi mpaka saa nne, na mmoja ametoka Hanang. Anayechapa maneno haya ana miaka 25, ndiye mkubwa, lakini kosa tunalolisimulia ni letu sote. Tulipangiwa parokia moja wilayani Hanang, kwenye tambarare inayoutazama mlima. Hatutaitaja, wala hatutawataja watu wake kwa majina, maana wao hawakuomba kuandikwa gazetini.

Mlima Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na watu wa chini yake wamezoea kuutegemea kwa mvua. Tarehe 3 Desemba 2023 uliwaletea kitu kingine. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kishindo mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lilibadili namna watu wanavyolielewa neno "msaada". Miezi ile magari yalikuja na unga, magodoro, mablanketi na ndoo. Watu walipanga foleni, wakaandikwa majina, wakapokea. Ilikuwa lazima, na wengi wanaishi leo kwa sababu ya upendo ule. Lakini mzee mmoja wa kigango alituambia kwamba baada ya tope alijifunza kazi mpya, nayo ni kuandikwa jina. "Kila anayekuja na karatasi namwambia jina langu," alisema, "halafu nasubiri."

Katika kigango hicho kipo kikundi cha watu saba wenye ulemavu. Kilianza kama kundi la kusali rozari siku ya Alhamisi, kwa sababu wengi wao hawawezi kutembea mpaka kanisani kila Jumapili. Yupo mama asiyeona, ambaye ndiye mwenyekiti. Yupo baba aliyekatwa mguu, ndiye mhazini. Yupo kijana kiziwi anayeshona viatu, na wengine wanne. Baada ya rozari walianza kuchangishana shilingi 1,000 kila mtu kwa wiki. Kidogo kidogo mfuko ule ukawa unalipia dawa, daftari za watoto, na mara moja ukalipia jeneza. Tulipofika, walikuwa wamesikia kwamba halmashauri imeanza tena kutoa mikopo ya asilimia kumi, wakamwendea Baba Paroko wakimwomba parokia iwaombee fedha hizo.

Baba Paroko aliwajibu jambo ambalo na sisi hatukulijua vizuri. Parokia haiwezi kuomba, wala shirika la Kanisa haliwezi. Fedha hizi si ruzuku kwa taasisi zinazohudumia watu. Ni mkopo kwa watu wenyewe, waliojiunga katika kikundi na kusajiliwa. Kisha akatugeukia: "Mafrateri wapo. Watawasaidia." Kwa neno hilo tukaingia kazini.

Tueleze kidogo utaratibu wenyewe, maana waamini wengi wanausikia kwenye mikutano tu. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa ajili ya wanawake na vijana, lakini kwa muda mrefu lilikuwa ni agizo zaidi kuliko sheria. Mwaka 2018 liliingizwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Mwezi Aprili 2023 Serikali iliusitisha, kwa sababu mabilioni ya shilingi yalikuwa hayajarejeshwa na vikundi vingine vilionekana kuwa hewa, vipo kwenye karatasi tu. Mwaka 2024 ukarudi kwa utaratibu mpya wenye uhakiki mkali zaidi, na baadhi ya halmashauri zikachaguliwa kuutoa kupitia benki.

Tunaomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, vikundi hewa, kwa sababu tutayarudia.

Kazi ya kwanza tuliifanya vizuri. Tuliwasaidia kuandika katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha kuchagua viongozi. Tukaenda na mhazini kwa Mtendaji wa Kijiji kupata barua ya utambulisho, yeye akiwa juu ya bodaboda na magongo yake yamefungwa nyuma kwa mpira. Tukakusanya namba za vitambulisho vya Taifa. Wawili hawakuwa navyo, na mmoja jina lake la ubatizo na jina la kitambulisho hayakufanana hata herufi moja, ikabidi apate hati ya kiapo. Tukafungua akaunti ya benki. Tukaandikisha kikundi kwenye mfumo wa mtandao, tukipanda juu ya kilima nyuma ya kanisa kutafuta intaneti. Wiki mbili zikaisha. Tulichoka, lakini tulijisikia kama mitume.

Ikabaki karatasi moja, andiko la mradi.

Wanakikundi walikuwa wametuambia wanachotaka. Walitaka kununua alizeti wakati wa mavuno, inapokuwa bei ya chini, kuipeleka kwenye mashine ya mtu mjini ikamuliwe kwa malipo, kisha kuuza mafuta kwa lita kwenye gulio na mashudu kwa wafugaji. Waliyasema haya kwa dakika tano, chini ya mti, wakikatizana, Kiswahili kikichanganyika na Kiiraqw na Kidatoga. Tulisikia. Tukaandika nusu ukurasa kwenye daftari.

Usiku ule, kwenye nyumba ya mapadre, tulifungua kompyuta mpakato. Mbele yetu tulikuwa na andiko la mfano tulilolinunua steshenari, lililokwishapitishwa mahali pengine. Lilikuwa na kurasa 11, dira, dhamira, jedwali la vihatarishi na michoro. Tukalinganisha na nusu ukurasa wetu, tukaona aibu. Mmoja wetu akasema andiko dogo halivutii. Wa pili akasema, kwa nini wamlipe mwenye mashine, si wawe na mashine yao? Wa tatu akaanza kutafuta bei ya mashine ya kukamua mtandaoni. Kufikia saa sita usiku kikundi cha rozari kilikuwa na mashine yake, banda la bati, stoo ya tani kumi, wafanyakazi wawili wa kuajiriwa na mpango wa kusambaza mafuta mpaka Babati na Singida. Jumla iliyoombwa ilikuwa shilingi milioni 14. Tuliandika kwamba kikundi kina "uzoefu wa miaka mitatu katika sekta ya usindikaji". Uzoefu wao wa miaka mitatu ulikuwa wa rozari.

Hatukujiona waongo. Tulijiona wakarimu.

Jumapili baada ya Misa tuliwasomea. Kusoma kurasa 11 kwa watu waliokaa juani haiwezekani, kwa hiyo tulisoma vichwa vya habari. Walipiga makofi. Mama Mwenyekiti aliweka dole gumba tulipomwonyesha kwa kumshika mkono. Kijana kiziwi alisaini jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko wetu. Dada yake, ambaye ndiye humtafsiria kwa ishara, siku hiyo hakuwepo, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama kijana yule anajua anachosaini. Tukaondoka tukiwa na furaha.

Baada ya muda afisa maendeleo ya jamii alikuja kufanya uhakiki. Alikuja kwa pikipiki, amevaa koti zito, akawasalimu wazee kwanza, akakaa nao kwenye benchi la kigango na kupokea chai. Alikuwa dada mpole. Alifungua andiko letu na kusema limeandikwa vizuri sana. Tukatazamana. Kisha akamwuliza Mama Mwenyekiti: "Mama, hii mashine yenu mtaiweka wapi? Umeme wa njia tatu umefika huku?"

Mama aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti.

"Mashine gani, mwanangu?"

Kukawa kimya. Upepo ulikuwa unapiga bati la kanisa, na sote tuliusikia. Mhazini alitazama gongo lake. Afisa aligeuza ukurasa akauliza juu ya wafanyakazi wawili wa kuajiriwa, na mhazini akasema labda ni mafrateri, kwa sababu wao ndio wanaofanya kazi. Watu wakacheka, na afisa pia akacheka, lakini akafunga faili. Aliongea kwa heshima. Alisema hana wasiwasi kwamba watu hawa ni wa kweli, kwa kuwa amewaona na vitambulisho vyao. Ila mradi huu si wao. Akasema akiupeleka hivi kwenye kamati, na kamati ikauliza swali lile lile alilouliza yeye, jina la kikundi litaharibika na hata mwakani itakuwa vigumu. Akashauri tuuondoe, tuandike upya, na wenyewe waweze kuueleza bila karatasi.

Alipoondoka tulijaribu kuomba msamaha. Mama Mwenyekiti alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Frateri, mmetuandika vizuri. Ila mmeandika watu wengine."

Hakukasirika. Angekasirika, tungelala vizuri zaidi.

Usiku ule hatukufungua kompyuta. Tulikaa jikoni karibu na moto, tukazungumza mpaka mpishi wa parokia akatufukuza. Darasani tumesoma kwamba Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili juu ya uongo, na kwamba hakukubali uongo wowote, hata ule unaosemwa kwa nia ya kumsaidia mtu. Tulipousoma ubishi ule tulimwona mkali mno. Tulimtafutia mifano ya kumshinda, kama wanafunzi wa falsafa wanavyofanya. Sasa mfano ulikuwa umekuja wenyewe na haukutupendelea. Uongo wetu wa kusaidia ulikuwa umemfanya mama asiyeona aonekane mbele ya mgeni kana kwamba ndiye mdanganyifu, maana dole gumba lilikuwa lake.

Tukarudia yale maneno mawili. Kikundi hewa ni nini? Tulidhani ni majina ya watu wasiokuwepo. Lakini sisi tulichukua watu waliokuwepo, wenye miili, wenye madaftari ya michango, tukawafanya hewa kwenye karatasi. Kilichobaki mle ndani kilikuwa sisi watatu na ndoto yetu ya kiwanda.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yana kanuni inayoitwa kanuni ya auni. Papa Pio XI aliieleza wazi mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno: jambo ambalo mtu au jumuiya ndogo inaweza kulifanya kwa nguvu zake, jumuiya kubwa isiwanyang'anye, bali iwasaidie walifanye. Kwenye mtihani tuliijibu kanuni hii kwa kuilenga Serikali. Tuliandika kwamba dola isimeze familia, isimeze vyama vya watu. Hatukufikiri kwamba frateri mwenye kompyuta naye anaweza kumeza. Na ajabu ni hii: sheria ya asilimia kumi, ambayo haikuandikwa na mapadre, ilikuwa imeishika kanuni hiyo kuliko sisi. Ilikataa parokia isiombe kwa niaba ya watu. Ilitaka watu saba wasimame wenyewe mbele ya halmashauri yao, kama wananchi, waseme wanataka nini na watarudisha vipi. Sisi tukaingia kwa mlango wa nyuma na kusimama mahali pao.

Kesho yake tuliomba ruhusa kwa Baba Paroko, tukatumia siku tatu kuandika upya. Safari hii tuliweka masharti matatu. Hakuna kinachoandikwa kabla hakijasemwa na mwanakikundi. Dada wa yule kijana awepo wakati wote. Na hesabu zote zifanyike kwa kitu kinachoshikika, ili Mama Mwenyekiti azifuate kwa vidole. Tulitumia maharage. Harage moja lilikuwa gunia moja.

Wao ndio waliotupa bei za siku hizo. Gunia la alizeti 50,000. Kukamua gunia moja 6,000. Walitaka kuanza na magunia 40, kwa hiyo alizeti ni 2,000,000 na kukamua ni 240,000. Madumu na chupa 400,000, usafiri 200,000, mizani 160,000, na akiba ya dharura 200,000. Jumla shilingi 3,200,000. Si milioni 14. Mhazini alisema hata hiyo inamtisha, lakini ni hofu anayoweza kuibeba.

Tukafika kwenye mapato. Tuliwaambia kwamba tumesoma kuwa gunia zuri hutoa lita 16. Kwa lita 16, magunia 40 ni lita 640, na kwa 4,500 kila lita ni shilingi 2,880,000. Mashudu kilo 40 kwa kila gunia, kwa 400 kila kilo, ni 640,000. Jumla 3,520,000. Ukitoa gharama za mzunguko, yaani 2,840,000 bila mizani na akiba, inabaki 680,000. Tulifurahi. Mama akauliza: "Na likitoa lita 12?" Tukahesabu. Lita 480 ni 2,160,000. Hata mashudu yakibaki yale yale, jumla ni 2,800,000. Hasara ya 40,000.

Akaondoa maharage mezani kwa kiganja, akasema: "Basi hatujui bado."

Hakuna sentensi yenye falsafa zaidi tuliyoisikia likizo ile. Tumefundishwa kwamba mwanzo wa hekima ya Sokrates ni kujua kwamba hujui. Andiko letu la kurasa 11 lilijua kila kitu. Mama huyu alifika kwenye swali sahihi kwa kuuliza mara moja tu. Uamuzi wao ulikuwa rahisi: wawili kati yao walikuwa na alizeti nyumbani, watoe gunia moja moja, yakamuliwe, ipimwe. Mmoja wetu alikwenda na mhazini mjini. Magunia mawili yalitoa lita 28, yaani lita 14 kila moja. Tukarudi kwenye maharage. Lita 560 ni 2,520,000, pamoja na mashudu 3,160,000. Faida ya mzunguko mmoja ni 320,000. Tuliandika hiyo, pamoja na sentensi inayosema ilipimwaje na siku gani.

Kijana kiziwi alikuwa kimya siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alimshika dada yake mkono, akaeleza jambo refu kwa ishara. Alikuwa anasema kwamba chupa za kununua ni gharama bure. Kwenye gulio anaposhonea viatu watu huja na chupa zao, na kinachohitajika ni kipimo cha lita ambacho watu wanakiamini. Alisema pia kwamba yeye ndiye auze, kwa sababu hapunjiki wala hapunji, na kwa kuwa hasikii, hakuna atakayeweza kumbembeleza amkopeshe. Watu wote walicheka, yeye wa kwanza. Ndiye aliyekuwa amesaini andiko la kwanza bila kuambiwa lina nini.

Jambo la mwisho lililowasumbua lilikuwa marejesho. Wengine waliamini kwamba fedha ya Serikali hairudishwi, kama mablanketi ya wakati wa tope hayakurudishwa. Hapo tuliona ni halali yetu kuzungumza. Tulisema msaada wa maafa ni haki ya aliyepatwa, na hakuna anayedai blanketi. Ruzuku ni fedha inayotolewa kwa kazi fulani, na unatoa hesabu ya kazi. Mkopo huu ni fedha ya ushuru wa mnada, wa mazao, wa vibanda vya soko, ni fedha ya majirani. Kwa kuwa hauna riba, kinachorudi ni mtaji ule ule, na faida inabaki kwenu. Ukirudi, kikundi kingine kinaupata. Usiporudi, umemla mtu usiyemwona. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Mzee yule aliyezoea kuandikwa jina alisema kwa maneno mafupi zaidi: "Kumbe na sisi tunaweza kudaiwa." Alilisema kama mtu aliyepandishwa cheo.

Andiko jipya lina kurasa nne. Kabla ya kulipeleka, wazee waliomba liombewe. Mzee mmoja Mwiraqw alitoa slufay, baraka ya wazee wa kwao, na watu wakaitikia kila mstari. Baada yake katekista akaongoza Baba Yetu. Tulisimama nyuma, na hilo ndilo lilikuwa mahali petu.

Msomaji atapenda kusikia kwamba mkopo ulitoka. Hatuwezi kusema hivyo, kwa sababu mpaka tunaandika makala haya jibu halijafika. Uhakiki wa pili ulifanyika tukiwa tumekwisha kurudi seminari. Katekista alitupigia simu kusema kwamba wote saba waliulizwa na wote walijibu, na andiko limeendelea mbele. Lakini alisema pia jambo ambalo tunapaswa kuliandika. Wiki tulizopoteza na kiwanda chetu cha hewa ndizo wiki za mavuno. Gunia lililokuwa 50,000 sasa limefika 65,000. Kwa bei hiyo, maharage ya Mama Mwenyekiti yanaonyesha hasara. Hata mkopo ukitoka leo, itawabidi wasubiri mavuno yajayo, au wanunue kidogo sana. Hiyo ndiyo bei ya ukarimu wetu, na wanailipa wao.

Hawakukaa kusubiri. Kabla bei haijapanda sana walivunja mfuko wa shilingi 1,000 kwa wiki wakanunua magunia sita. Kijana anauza Jumamosi kwa kipimo cha lita. Anayetaka kuhesabu kwa maharage, ni maharage sita tu, na yote ni yao.

Kwa ndugu zetu mafrateri tuna neno moja. Mtaombwa kuandika. Msikatae, maana kujua kuandika ni deni. Lakini kabla ya kufungua kompyuta, mwulizeni kila mmoja wao swali ambalo afisa atauliza, na msipoweza kupata jibu kutoka kinywani au mikononi mwao, msiliandike. Hakikisheni asiyesikia ametafsiriwa na asiyeona amesomewa yote, si vichwa vya habari. Pimeni gunia moja kabla ya kuandika arobaini. Na kwa waamini wa parokia: mkisomewa karatasi haraka haraka, hata na mtu mwenye kanzu nyeupe, msipige makofi. Ulizeni, "Mashine gani?"

Wiki iliyopita tulimwuliza katekista kwa simu kama Mama Mwenyekiti anahitaji chochote tutakapokuja likizo ijayo. Alikwenda kumwuliza. Jibu lilikuwa fupi: tulete daftari moja gumu kwa ajili ya mhazini, na tusiandike kitu ndani.

Tuwaombee. Na ninyi mtuombee.